Mwache mwanao akukague: Tulichojifunza kwenye mkia wa ndege ya rimoti

Ndege ya kwanza tuliyotengeneza mimi na binti yangu haikukaa hewani hata sekunde tatu. Ilitoka mkononi mwangu, ikainamisha pua na kujichimbia kwenye mchanga wa kiwanja cha mpira. Watoto waliokuwa wakitazama walicheka, kisha wakanyamaza walipoona uso wangu. Binti yangu, aliyekuwa darasa la sita, hakucheka wala hakulia. Alisema kwa sauti ya chini, "Nilikwambia, Baba."

Na kweli aliniambia. Usiku wa kuamkia siku ile, ndege ikiwa mezani, aliona kwamba nikivuta kijiti cha rimoti ili ndege ipande, kibao cha mkiani kinashuka, wakati mchoro unaonyesha kinatakiwa kuinuka. Nilimjibu kama wengi wetu tunavyowajibu watoto tukiwa tumechoka: "Wewe subiri, mambo haya nayajua."

Kwa wiki tatu baada ya hapo hakuigusa rimoti. Nilidhani mchezo umemchosha, maana watoto wa siku hizi hawakai na kitu kimoja. Mama yake ndiye aliyenifungua macho. "Hajaichoka ndege," aliniambia. "Amechoka kusema asisikilizwe."

Makala haya yanaeleza jinsi tulivyounga mkia wa ndege ya pili. Ni kazi ya mezani ambayo mzazi yeyote mwenye subira anaweza kuifanya na mtoto wake. Kwangu mimi, ilikuwa pia njia ya kurudisha imani niliyoipoteza kwa jibu la maneno matano.

Zawadi ya mjomba

Ndege ya pili ililetwa na mjomba wao anayefanya kazi Dubai. Ilikuja kwenye boksi, vipande vya mbao nyepesi sana aina ya balsa vikiwa vimefunikwa kwa plastiki nyembamba ya rangi nyekundu na nyeupe. Aliileta kwa ajili ya kaka yake, maana wengi wetu bado tunaamini ndege ni mambo ya wavulana. Kaka mtu aliitazama siku mbili, akarudi kwenye mpira wake. Dada mtu ndiye aliyesoma kijitabu cha maelekezo mpaka kikajikunja pembe.

Zawadi ya namna hiyo haidharauliwi. Mwaka 1878, huko Marekani, Askofu Milton Wright alirudi safarini na kuwapa wanawe wadogo wawili kichezeo cha mianzi, kizibo na karatasi kilichoruka kwa nguvu ya mpira uliosokotwa. Kilipovunjika, watoto wakatengeneza vingine vya kufanana nacho. Watoto hao walikuwa Wilbur na Orville, ambao tarehe 17 Desemba 1903 walirusha ndege yenye injini kwa mara ya kwanza karibu na Kitty Hawk, kwa sekunde 12.

Kichezeo kile kilifuata ubunifu wa Mfaransa aliyeitwa Alphonse Pénaud. Ni yeye aliyerusha ndege ndogo ya mpira katika bustani ya Tuileries mjini Paris mwaka 1871. Ilikwenda kama mita 40 bila mtu kuiongoza, ikijiweka sawa yenyewe. Iliweza kufanya hivyo kwa sababu Pénaud alikuwa ameiwekea bawa dogo nyuma. Kwa maneno mengine, aliiwekea mkia.

Kazi ya mkia

Mzazi anayekwenda na mtoto kununua ndege ya rimoti huangalia injini na mabawa makubwa. Mkia hauvutii macho, lakini ndio unaoshika adabu ya ndege. Bawa dogo lililolala huzuia pua isipande na kushuka ovyo. Pezi lililosimama huzuia ndege isiyumbe kulia na kushoto, kama manyoya yaliyo nyuma ya mshale.

Nyuma ya vipande hivyo viwili kuna vibao vinavyopinda. Kile cha kwenye bawa lililolala mafundi hukiita eleveta. Kikiinuka, upepo unausukuma mkia chini na pua inapanda. Kikishuka, pua inainama. Kile cha kwenye pezi ni usukani, na kazi yake haitofautiani na usukani wa jahazi: kikienda kulia, pua inaelekea kulia.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu la kwanza. Nilipokuwa nikivuta kijiti ili ndege ipande, mimi mwenyewe nilikuwa naiamuru iingie ardhini.

Bawaba zisizoonekana

Tulianza na bawaba. Bawaba za ndege hizi hazifanani na za mlango. Ni vipande vya kitambaa kigumu vyenye ukubwa wa stempu. Nusu ya kipande inaingia kwenye mpasuko wa bawa, na nusu nyingine kwenye kibao kinachopinda. Unachoma pini katikati ili kipande kisizame upande mmoja, unasogeza kibao kikaribie bawa hadi ibaki nafasi ya unene wa karatasi, kisha unaondoa pini.

Halafu inakuja gundi, na hapa mzazi ndiye anayeshika chupa. Gundi inayotumika ni supagluu nyepesi kama maji, na inanyonywa na kitambaa cha bawaba yenyewe. Unadondosha matone matano au sita upande wa juu, unageuza, unarudia idadi ileile upande wa chini. Gundi hii hushika vidole mara moja na mvuke wake unawasha macho. Ikimwagika kwa wingi kwenye nguo ya pamba inaweza kupata moto na kuunguza ngozi. Tulifanyia kazi barazani penye hewa, binti yangu akiwa amevaa miwani ya plastiki, na kazi yake ilikuwa kuhesabu matone.

Alihesabu kwa sauti. Kwenye bawaba ya chini ya usukani simu yangu iliita. Nikapokea, nikaongea, nikarudi na kuendelea na bawaba iliyofuata. Kumbukeni simu hiyo.

Mkebe wa hesabu wafanya kazi

Hatua iliyofuata ilikuwa kuweka bawa la mkia kwenye nafasi yake katika kiwiliwili cha ndege. Bawa hili likikaa upande, ndege haitakwenda moja kwa moja hata ukifanya nini na rimoti. Na likishagundishwa, halitoki bila kuvunjika.

Kwanza tulikata plastiki ya rangi mahali ambapo gundi ingepita, kwa sababu gundi inatakiwa kushika mbao, siyo plastiki. Wembe unatakiwa ukate plastiki peke yake. Ukichora mbao pia, umetengeneza ufa ambao utakuja kuvunjikia angani.

Gundi ya hapa ni epoksi, ile ya mirija miwili inayochanganywa. Yetu ilikuwa ya dakika tano. Nilichanganya, nikapaka, nikalisukuma bawa ndani, nikarudi hatua moja nyuma na kufumba jicho moja kama fundi seremala. Nikaona limekaa vizuri.

Binti yangu alikuwa amechoma pini puani mwa ndege, katikati kabisa, na kuifunga uzi. Akauvuta uzi hadi ncha ya kushoto ya bawa la mkia, akauwekea alama ya kalamu. Akaupeleka ncha ya kulia. Akanyamaza.

"Nini?" nikamuuliza.

"Baba, haiko sawa. Kulia ni fupi kwa nusu sentimita."

Ndugu mzazi, ukweli ni kwamba neno la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa lilelile la zamani. Gundi ilikuwa imeshaanza kuvuta kama uji unaopoa. Nusu sentimita haionekani kwa macho. Lakini nilimwangalia usoni nikaona tayari anajiandaa kutosikilizwa. Nikashika uzi mwenyewe, nikapima. Ilikuwa nusu sentimita kama alivyosema.

Tulilichomoa bawa, tukafuta gundi yote kwa kitambaa chenye spiriti, na ile iliyobaki kwenye kifuniko cha chupa tukaitupa. Kesho yake nilinunua epoksi ya dakika thelathini, inayompa mtu nafasi ya kukosea. Tulipanga bawa likiwa kavu, tukapima kwa uzi mpaka pande zote mbili zikalingana, tukachora mstari wa penseli, ndipo tukapaka gundi. Pezi tulilisimamisha kwa kutumia kipembe cha kwenye mkebe wake wa hesabu, kile chenye pembe ya nyuzi 90. Alikuwa hajawahi kukipenda kifaa kile. Siku hiyo alikifuta vumbi kabla ya kukirudisha.

Tulijifunza pia kutomwaga gundi ovyo mkiani. Ndege ni kama bembea ya ubao wanayokalia watoto wawili. Mkia uko mbali na katikati kuliko pua, hivyo gramu moja ya ziada nyuma inaweza kudai gramu mbili au tatu mbele ili ndege ikae sawa kwenye vidole.

Waya, pembe na mwelekeo

Kinachopinda vibao vya mkia ni mota ndogo mbili zilizo ndani ya kiwiliwili, zinazoitwa sevo. Kila moja inasukuma na kuvuta waya mgumu unaokwenda hadi mkiani na kushika kipembe cha plastiki kilichofungwa kwenye kibao. Matundu ya kipembe hicho yanatakiwa yakae sawa na mstari wa bawaba. Waya usiwe legelege, kwa sababu waya unaopinda katikati haufikishi amri.

Tuliwasha rimoti kwanza, kisha tukaunganisha betri ya ndege, propela ikiwa imeondolewa. Hii ni sheria ya nyumbani kwetu: mezani hakuna propela, maana ikizunguka kwa bahati mbaya haichagui kidole. Tukaweka vijiti katikati na kurefusha au kufupisha waya mpaka vibao vikakaa sawa na mabawa yake.

Ndipo tukafika pale tulipoharibu mara ya kwanza. Safari hii nilimpa yeye rimoti, nami nikasimama nyuma ya ndege. Ni lazima usimame nyuma, kwa sababu ukitazama ndege kwa mbele, kulia inakuwa kushoto. Akavuta kijiti: eleveta ikainuka. Akakisukuma: ikashuka. Kijiti cha usukani kikaenda kulia, usukani ukaenda kushoto.

Tulitazamana. Kwenye rimoti kuna swichi ya kugeuza mwelekeo wa kila sevo. Aliibonyeza mwenyewe, akarudia zoezi lote tangu mwanzo, akaandika kwenye daftari: "Mkia sawa." Akaweka tarehe.

Mkaguzi wa pili

Mtaani kwetu kuna mzee aliyestaafu ufundi wa ndege. Nilipomsimulia habari ya gundi iliyotupwa, alicheka kisha akaniambia jambo ambalo sijalisahau. Kwenye ndege za kweli, fundi akigusa mfumo wa kuongozea ndege, kazi yake hukaguliwa tena na mtu mwingine ambaye hakuifanya. Hilo halina maana kwamba fundi hajui kazi. Sababu ni kwamba aliyeifunga huiona kama alivyokusudia iwe, na mkaguzi huiona kama ilivyo.

Gharama ya kuruka hatua hiyo inajulikana. Tarehe 26 Agosti 2003, ndege ndogo aina ya Beechcraft 1900 iliyotoka kufanyiwa matengenezo iliruka kutoka jimbo la Massachusetts, Marekani, bila abiria. Muda mfupi baadaye ilianguka baharini na marubani wote wawili wakafa. Wachunguzi waligundua kwamba waya mmoja wa mfumo wa eleveta ulibadilishwa ukafungwa vibaya, na kifaa cha kurekebisha pua kikawa kinafanya kazi kinyume. Ukaguzi wa baada ya kazi haukutosha, na marubani nao hawakufuata orodha ya ukaguzi wa kabla ya kuruka.

"Sasa wewe nyumbani mkaguzi wako ni nani?" mzee akaniuliza.

Nilimtaja binti yangu.

"Basi akisema hapana, iwe hapana. Mkaguzi asiyeweza kusema hapana ni pambo tu."

Hapana ya kiwanjani

Tulikwenda kurusha Jumapili asubuhi na mapema, kabla upepo haujaamka, kwenye kiwanja cha mpira kijijini kwa bibi yao. Nilikuwa nimefanya mazoezi mwezi mzima kwa programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta. Watoto wa kijiji walikuwa wamekusanyika tangu tunashuka kwenye basi. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo. Bibi alikuwa ameletewa kiti.

Binti yangu akafungua daftari. Betri, sawa. Mabawa, sawa. Mwelekeo wa mkia, sawa. Halafu akashika kila kibao cha mkia na kukivuta taratibu kwa vidole viwili, kama mzee alivyomfundisha. Eleveta haikusogea. Usukani, kwa juu, haukusogea. Kwa chini, ukatoka kidogo.

Ilikuwa bawaba ya simu. Nilikuwa nimeitia gundi upande mmoja tu.

Alinitazama mimi, akautazama umati, akamtazama bibi yake kwenye kiti. "Baba," akasema polepole, "leo hapana."

Sikuwa na supagluu. Kulikuwa na bawaba nyingine mbili nzima kwenye usukani, na sauti moja kichwani mwangu ilisema zitatosha. Lakini ndege ile ina uzito wa zaidi ya kilo moja, na pembeni ya kiwanja walikuwa wamesimama watoto wa watu. Nikawageukia wote nikasema, "Mkaguzi amekataa. Tutarudi wiki ijayo."

Wengine walizomea. Bibi akauliza kama ndiyo imekwisha. Kwenye basi binti yangu alikaa kimya mpaka tulipokaribia mjini, kisha akaniegemea begani na kuniuliza, "Hujakasirika?" Nikamwambia sijakasirika. Akalala.

Wiki iliyofuata, bawaba ikiwa imegundishwa pande zote mbili na kuvutwa na watu wawili, ndege yetu iliruka dakika nne. Iliyumba, ilipanda kuliko nilivyotaka, na wakati wa kutua ilivunja propela. Mkia haukupata hata mkwaruzo.

Kwa mzazi anayetaka kujaribu

Anza na kitu cha bei nafuu. Ndege ya kurusha kwa mkono iliyokatwa kwenye karatasi nene ya foamu, ile ya mabango ya sherehe, inafundisha kazi ya mkia vizuri kabisa. Pinda ukingo wa nyuma wa mkia juu kidogo, irushe, mwache mtoto aone na aeleze kilichotokea.

Gawa kazi kwa hatari, siyo kwa umri peke yake. Wembe, supagluu, propela na kuchaji betri ni vya mtu mzima. Betri za ndege hizi zikichajiwa vibaya zinaweza kushika moto, hivyo zisiachwe peke yake wala kuchajiwa usiku watu wamelala. Kupima, kuhesabu, kuchora na kukagua ni kazi za mtoto.

Uliza kabla ya kurusha. Vyombo vinavyoruka bila rubani ndani vina taratibu zake, na msimamizi kwa Tanzania ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na kwa Kenya ni KCAA. Kaa mbali na viwanja vya ndege, barabara, nyaya za umeme na mikusanyiko ya watu.

Zima simu unapoweka gundi.

Na mwisho, mpe mtoto daftari la ukaguzi, na mkubaliane mapema, kabla gundi haijachanganywa na kabla watu hawajakusanyika, kwamba akisema hapana, ndege hairuki. Siku akikosea, mtakuwa mmepoteza asubuhi moja na nauli ya basi.

Daftari letu sasa limefika ukurasa wa kumi na moja. Juzi nilikuta binti yangu ameongeza ukurasa mwingine usiohusu ndege: tairi la baiskeli ya kaka yake, breki ya mbele, breki ya nyuma. Mbele ya breki ya nyuma ameandika "Hapana." Kaka mtu alikuja kwangu kulalamika. Nikamwambia aende akaifunge upya, kisha amwite mkaguzi.